Siku Mbili Njiani na Watu Waliomtukana Mwanangu

Wenzangu wa kikundi, tangu nirudi Ngonga sijapumzika. Kila anayepita kwenye uzio wangu anaanza na salamu na kumalizia na swali lile lile: "Mama Bupe, eti ulitaka kumpiga mtu njia ya Matema?" Mmeona ile video. Ni fupi kuliko muda wa kumenya ndizi moja, na mimi ndani yake nimeinua kandambili. Sikumpiga mtu. Nilikuwa na hasira, ndiyo, na bado ninayo, lakini kandambili nilikuwa nimeivua kwa sababu ya tope. Naandika yote mara moja, muisome wote, kisha mniache nianike kokoa yangu kwa amani.

Kwa wasiojua vizuri: Bupe, binti yangu wa pili, ni mchezaji wa kulipwa wa michezo ya kwenye simu. Anachezea timu ya Loleza ya Mbeya. Wanacheza watano kwa watano, kila upande una mnara wake, na timu inayovunja mnara wa wenzao ndiyo imeshinda. Bupe ni daktari wa timu. Haui mtu. Kazi yake ni kuwaponya wenzake wanapopigwa ili waendelee kupigana. Jina lake la mchezoni ni Kokoa. Safari hii mashindano yaliletwa Matema, kwetu kabisa, na nikasema nitakwenda. Sikumwambia. Nilitaka nifike, nikae nyuma, nimwone kwa macho yangu. Zaidi ya hapo sikuwa nimepanga kitu.

Katumba Songwe hadi Kyela mjini

Nilianzia kwa kaka yangu Katumba Songwe, nilikokuwa nikimsaidia kuvuna mpunga. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima bila huruma. Alfajiri kaka aliniitia bodaboda, kijana mpole, akanifungia begi langu nyuma kwa mpira na kunitazama kwa huruma.

"Pole, mama. Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa."

"Si umesema unakwenda Matema?" Kwake yeye, mwanamke wa umri wangu akienda Matema na begi, basi ana mgonjwa hospitalini.

"Nakwenda kwenye mashindano."

"Ya kwaya?"

"Ya simu."

Tukavuka madimbwi mawili matatu. Kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayeogopa kunikwaza: "Mnashindana kupiga au kupokea?"

Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo nilimjibu vibaya, nikamwambia aangalie barabara. Aliiangalia kwa dakika mbili, halafu tukaanguka kwenye tope. Hakuna aliyeumia, ila gauni langu la kitenge, lile la kijani, liliingia tope mpaka kiunoni. Nilifika Kyela nikinuka bwawa, na kila niliyekutana naye stendi alinisalimu "mugonile, mama" huku akiangalia miguu yangu.

Stendi ya Kyela

Mashabiki wa Kyela walikuwa wamekodi basi dogo. Nilikuwa nimeambiwa linaondoka saa mbili. Saa mbili dereva hayupo. Saa tatu dereva yupo, spika haipo. Saa nne spika imekuja, ikagundulika haina waya. Jamani, tulikuwa tunakwenda kutazama watu wakicheza, spika ya nini? Nilimuuliza hivyo mkuu wa msafara, naye akanijibu, "Mama, shamrashamra." Tuliondoka saa tano na nusu kwa ajili ya shamrashamra.

Hapo stendi ndipo nilipowajua watatu ambao safari yangu yote imekuwa yao.

Wa kwanza ni Ipyana. Anauza chaja na vioo vya simu sokoni Kyela, ana sauti ya mtu aliyezoea kushindana na muziki wa jirani. Alivaa jezi ya bluu ya Mzizima, timu ya Dar es Salaam. Wa pili ni Tusekile, mwalimu wa hesabu shule ya msingi, shabiki wa Loleza, anatembea na daftari la mistari alimoandika kila mechi: nani alifanya nini, raundi gani. Wa tatu ni mwanamke aliyevuka mpaka asubuhi hiyo kutoka Karonga, amejifunga chitenje, kitenge cha kwao, cha rangi ya chungwa, anaitwa Chimwemwe. Huuza vitambaa pande zote mbili za mto wa mpakani, na Kinyakyusa chake ni safi kuliko cha watoto wetu. Mdogo wake, Limbani, ndiye nahodha wa Chambo, timu ya Mzuzu. Alilisema hilo mapema, bila kujificha, kwa fahari ndogo ndogo.

Mimi nilijificha. Ipyana aliponiuliza, "Mama, wewe unashabikia nani?" nilisema, "Naangalia tu." Nikaenda kwa mama lishe nikala wali na mbasa. Wali ulikuwa mzuri, samaki mzuri. Nashukuru nilikula, maana mlo mwingine ulikuja saa kumi na mbili jioni.

Walianza kubishana kabla hata basi halijawashwa.

"Kombe ni la Mzizima," Ipyana alisema. "Andikeni. Washambuliaji watano, kila mmoja ni moto."

"Washambuliaji watano na hakuna anayelinda," Tusekile alimjibu. "Mmoja akiumia anabaki hivyo hivyo mpaka afe. Loleza wana daktari. Kokoa akiwa mzima, Loleza hawavunjiki."

"Kokoa!" Ipyana alicheka mpaka akashika tumbo. "Kokoa ameua wangapi mashindano yote yaliyopita? Soma hilo daftari lako. Sifuri!"

"Daktari haui, Ipyana. Wewe ukienda hospitali unamuuliza daktari ameua wangapi?"

Watu walicheka, hata mimi. Nilimpenda Tusekile saa ile ile. Chimwemwe alisema taratibu kwamba Chambo wanamwogopa Kokoa kuliko wote, mdogo wake alimwambia hivyo. Nilitamani kusema ni wangu. Sikusema.

Kikusya hadi kwenye maji

Tulipopita Kikusya na kushika njia ya Ipinda mvua ilikuwa imekatika, lakini kazi yake ilishafanyika. Mbele yetu magari yalikuwa yamesimama foleni. Maji yalikuwa yamevuka barabara, ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kasi, na ng'ambo yake foleni nyingine inatutazama. Dereva alizima injini. "Tusubiri yapungue," akasema, na kulala juu ya usukani kama mtu aliyekuwa akiitafuta nafasi hiyo tangu asubuhi.

Saa sita na nusu mpaka saa kumi na moja. Kule kwetu Ngonga, kwa kukata mashambani, nahisi ningefika nyumbani na kurudi. Waliokuwa na miwa walikula miwa. Spika ile, iliyotuchelewesha zaidi ya saa mbili, ilipigwa nusu saa ikafa.

Watu wakikosa la kufanya, husema. Na walichokisema ni fainali iliyopita, ile ya Dar es Salaam, ambayo Loleza walishindwa dakika ya mwisho.

Nawaeleza ilivyokuwa, maana wengi wenu hamkuiona. Raundi ya mwisho, Loleza wanaongoza. Mzizima wanashambulia mnara. Wachezaji wa Loleza wanapigwa, wanamhitaji daktari, na daktari amesimama. Hasogei. Anazo dawa zote na amesimama tu. Wenzake wakafa mmoja mmoja, mnara ukaanguka. Baadaye kocha akasema Kokoa alikuwa na malaria.

"Malaria ya noti," Ipyana alisema. Alikuwa amesimama nje ya basi, mguu mmoja kwenye ngazi, watu kama kumi na tano wamemzunguka. "Aliuza mechi. Mimi ni Mzizima, kombe tulilipata, lakini nasema ukweli. Mtu mwenye akili zake anasimama kama nguzo ya umeme, dawa anazo!"

"Huna ushahidi," Tusekile alisema.

"Ushahidi ni macho. Halafu msichana wa hapa hapa Kyela, anatuaibisha sote."

Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa barabara, nimevua kandambili, naisugua tope kwa jani. Nilijiambia: nyamaza. Nilijiambia mara nyingi. Wengine wakadakia. Mmoja akasema Kokoa ana bwana tajiri Dar. Mwingine akasema anayecheza si yeye, kuna mwanaume anacheza badala yake. Chimwemwe aliwaambia, "Acheni, ni mtoto wa mtu," wakamcheka.

Ndipo Ipyana akasema: "Tena sijui kwao walimlea vipi. Mama wa mtoto kama yule yuko wapi? Mama mwenye haya angemwita nyumbani."

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka sauti yangu, kwamba haikuwa yangu.

"Mama yake ni mimi! Mama yake ndiye huyu! Na nilimwita nyumbani! Ndicho nilichofanya, nilimwita nyumbani!"

Ningeishia hapo, ningekuwa nimefanya jambo jema. Sikuishia hapo. Nilisema kila kitu, kandambili mkononi. Nilisema kwamba siku ya ile fainali ndiyo siku tuliyokuwa tunajengea kaburi la baba yake, na Bupe alikuwa ameniomba nisogeze siku, nikakataa. Nilisema kwamba asubuhi ile nilimpigia simu na kumwambia baba yake angemwonea haya, na kwamba akilichagua hilo kombe, nyumbani asirudi. Nilisema hakuwa na malaria wala hakupewa kitu na mtu, alikuwa analia, na kwenye video ya ile fainali anaonekana anafuta macho kwa bega kwa sababu mikono ina simu. "Hakuuza mechi! Niliyeivunja ni mimi! Nitukaneni mimi!"

Mnaona sasa. Mliyoiona kwenye simu ni sehemu ya mwisho tu.

Chimwemwe ndiye aliyenijia. Alinichukua ile kandambili mkononi, akaenda nayo majini, akaiosha, akairudisha na kuiweka mbele ya mguu wangu. Nikaivaa.

"Sikujua, mama," Ipyana alisema.

"Kwa hiyo asingekuwa wangu ungeendelea?"

Saa kumi na moja maji yakapungua, dereva akaamka, tukavuka.

Ipinda

Tulilala Ipinda. Tusekile ana shangazi yake pale, akatupokea mimi na Chimwemwe kama ndugu: ndizi zilizopikwa na maharage, na usipa, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Shangazi mtu alisikia kwamba ninakwenda Matema akaniuliza nani anaumwa. Sikuwa na nguvu tena za kueleza. Nilisema, "Binti yangu." Akaniombea. Niliitikia amina kwa moyo wote.

Asubuhi Tusekile alinipa simu yake. Mtu wa kiti cha nyuma cha basi alikuwa amenirekodi na kuisambaza, na mashabiki wa timu zote tatu walishaiona, wanabishana chini yake kama mama zenu sokoni. Wengine wananisifu. Wengine wanasema Loleza ni waongo, walidanganya kuhusu malaria. Wengine wanauliza kama mchezaji anayelia kwa sababu ya mama anafaa kulipwa.

Kwenye simu yangu mwenyewe kulikuwa na ujumbe mmoja wa Bupe. "Mama, umefanya nini?"

Nikampigia. Hakupokea. Nikapiga tena.

Nilipanda basi nikamtafuta yule wa kiti cha nyuma. Akanikaribisha kwa tabasamu kubwa: "Mama, umekuwa maarufu!" Alidhani amenifanyia hisani. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, maana najua mchungaji naye atasoma.

Ipinda hadi Matema

Sehemu hii ilikuwa fupi na ilinichosha kuliko zote. Hakuna aliyebishana juu ya timu. Walinong'ona. Milima ya Livingstone ilikuwa imevaa mawingu mpaka magotini, na kila kona niliona ni kama barabara inarudi nyuma.

Chimwemwe alikaa nami. Alimenya yai la kuchemsha akanipa nusu.

"Na Limbani wanamtukana," aliniambia. "Akikosea, wanasema ameuza. Akishinda, wanasema ana dawa. Zamani nilikuwa nasoma yote. Siku hizi nazima simu, namngoja aje nyumbani anisimulie mwenyewe."

"Mimi nisingeweza kukaa kimya."

"Najua," alisema. "Nilikuona jana."

Matema

Mashindano yalikuwa chini ya turubai kubwa karibu na ufukwe, na kioo kikubwa cha kuonyeshea mechi. Nusu fainali ya Loleza na Mzizima ilikuwa ianze saa tatu. Saa nne mgeni rasmi alikuwa bado anaeleza umuhimu wa vijana. Wachezaji vijana wenyewe, aliowaeleza umuhimu wao, walikuwa wamesimama juani wakimsubiri amalize.

Nilizunguka nyuma ya turubai, nikamkuta Bupe amekaa juu ya kreti la soda. Amekonda. Aliponiona alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe, yule mtu alisema—"

"Najua alichosema. Wanasema hivyo kila siku." Hakupaza sauti, na hilo liliniuma zaidi. "Unajua kwa nini nilisema malaria?"

Nikatikisa kichwa.

"Ili mtu asikuulize wewe. Nilitukanwa mwaka mzima, mama, nikanyamaza, ili wasiseme mama yangu ndiye aliyenifukuza siku ya kaburi la baba. Kilikuwa kitu changu. Umekitoa barabarani."

"Nilikuwa nakutetea."

"Ulikuwa na hasira. Si kitu kimoja."

Kisha akaniambia lingine. Kocha na wenzake walikuwa wamekaa kikao asubuhi ile. Kwao kosa lilikuwa kwamba amewadanganya. Kocha alikuwa amemweka benchi. Safari yangu yote ya tope na maji ilikuwa ni kwenda kumwona akicheza, na mdomo wangu ulifika kabla yangu ukamtoa uwanjani.

Nilikwenda kwa kocha, mwanaume mfupi mwenye miwani. Nilitaka kumgombeza, nikaanza hata. Akanisikiliza, akasema, "Mama, sina ugomvi na wewe. Lakini wachezaji wanne wananiuliza kama wanaweza kumwamini. Hilo atalijibu yeye, si wewe." Nikarudi kukaa. Tusekile na Chimwemwe walikuwa wameniwekea kiti katikati yao.

Raundi ya kwanza Mzizima waliwatembeza Loleza kama mbuzi wa mnada. Daktari wa akiba aliponya asiyeumwa na kumwacha anayekufa, hata mimi niliona. Ipyana, safu ya mbele yetu, alipiga kelele zake, akageuka, akaniona, akazipunguza.

Kabla ya raundi ya pili niliona Bupe amesimama mbele ya wenzake, anaongea. Sikusikia neno. Wanne wale walimsikiliza wakiwa wamekaa, kisha msichana mmoja wa timu akasogea kwenye benchi, akampa nafasi ya kukaa. Kocha akamkabidhi simu ya mashindano.

Watu walipoona jina Kokoa kwenye kioo, nusu walishangilia na nusu wakazomea. "Aende kwa mama!" mtu alipiga kelele nyuma. Nilitaka kusimama. Tusekile alinishika gauni.

Alicheza. Sijui nielezeje kwa mtu asiyejua mchezo. Alikuwa kila mahali ambapo mtu alikuwa karibu kufa, sekunde moja kabla. Tusekile aliacha kuandika. Loleza walichukua raundi ya pili na ya tatu, na Ipyana akavua jezi yake ya bluu, akaikunja polepole, akaikalia. "Sijawahi kuona daktari wa namna hii," alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

Fainali ilikuwa alasiri, Loleza na Chambo. Hapa ndipo ninapowaomba msinikatishe, maana hili hakuna aliyelirekodi, na ni baya kuliko la kandambili.

Raundi mbili wakagawana. Ya tatu ilikuwa ngumu mpaka watu waliacha kunywa soda. Chambo walikuwa karibu na mnara wa Loleza, Limbani mbele, amebakiza pigo moja au mawili. Na Limbani akageuka. Aliacha mnara akakimbilia upande, kumfuata mchezaji wa Loleza ambaye hakuwa na maana yoyote. Kosa tu. Wenzake wakabaki wazi, Loleza wakawafagia.

Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti, na nilipiga kelele mpaka koo likakwaruza: "Ameuza! Ameuza huyo! Nguzo ya umeme!"

Nilisema hivyo. Nikiwa nimemshika Chimwemwe bega ili nisianguke.

Turubai lote lilikuwa linarukaruka, Loleza walikuwa wanavunja mnara, kombe letu. Chimwemwe aliutoa mkono wangu begani mwake, polepole, kama anavyotoa mtu jani lililomwangukia. Akaokota mkoba wake akatoka.

Nilimfuata. Nilimkuta karibu na maji, anajifunga chitenje upya.

"Dada, nisamehe. Sikujua ninachosema."

"Ulijua," alisema. "Mdogo wangu hakukusikia, kulikuwa na kelele. Mimi nimesikia."

Nikasimama pale kama mpumbavu. Yalikuwa maneno yale yale aliyoniambia Ipyana, nikayasikia yalivyo mepesi. Alinitazama, akasema, "Ndaga," akaondoka kumtafuta Limbani. Hakuwa ananishukuru. Ni adabu yake tu.

Kurudi

Kurudi hakukuwa na shida yoyote, na hilo nalo lilinikasirisha. Barabara kavu, basi kwa wakati, kwa mwendo wa saa mbili tu tuko Kikusya. Kiti cha Chimwemwe kilikuwa kitupu, alirudi na gari la Chambo. Ipyana alinipa chaja mpya, hakusema ni ya nini. Nimeipokea. Sijui kama nimemsamehe. Sijui tena kama nina nafasi ya kumsamehe mtu.

Kabla hatujaondoka Bupe alikuja dirishani, medali shingoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nilimweleza nilichokipigia kelele, kwa kuwa sikutaka asikie kwa mwingine. Aliigeuza medali kifuani.

"Limbani ni rafiki yangu, mama."

"Najua sasa."

"Nimekukasirikia. Si kwa leo tu."

"Kasirika," nilimwambia. "Lakini nyumbani urudi. Lile neno nililokuambia kwenye simu nalifuta. Sikuwa na haki ya kulisema hata siku ile."

Aliangalia ziwa, akaangalia dereva aliyekuwa anapiga honi. Akasema, "Nitakuja Jumapili. Nataka kuona kaburi la baba. Sijawahi kuliona lilivyojengwa." Basi likaanza kutembea, akatembea nalo hatua chache, mkono kwenye dirisha. "Tuwe wawili tu, mama."

Kwa hiyo wenzangu, mmeuliza, nimejibu. Najua mnampenda, najua mtataka kuja na vigelegele na wali, na wengine mtataka picha na bingwa. Jumapili msije.